Matokeo ya mchujo wa riadha: kwa nini wa tatu anaweza kubaki nyumbani

Mchujo wa kitaifa wa riadha unapomalizika Nairobi, karatasi za matokeo husambaa kwenye makundi ya WhatsApp kabla mashabiki hawajafika stendi ya matatu, na ubishi huanza papo hapo. Fulani kawa wa tatu, mbona jina lake halimo? Fulani kashinda, mbona anaambiwa akatafute muda Ulaya? Ubishi huo hutokana na kudhani kwamba karatasi ile inajibu maswali yote. Inajibu moja tu: siku ile, nani alimtangulia nani. Muda ule una thamani gani mbele ya Shirikisho la Riadha Duniani, na nani hatimaye atapanda ndege, ni maswali mengine mawili, na majibu yake hayapo uwanjani.

Tutachukua mchujo wa Olimpiki za Paris uliofanyika uwanja wa Nyayo tarehe 14 na 15 Juni 2024, kwa sababu karibu kila kinachowachanganya watu kilitokea siku hizo mbili au pembeni yake.

Anza na kichwa cha karatasi, si majina

Wengi huruka moja kwa moja hadi kwenye jina la mshindi. Mzoefu husoma kwanza tarehe, uwanja, raundi, na namba ndogo ya upepo iliyoandikwa pembeni. Ukikosea hapo, hesabu yote ya baadaye inakuwa batili.

Upepo hupimwa katika mbio za mita 100, 200, viunzi vya mita 100 na 110, kuruka mbali na kuruka mara tatu. Katika mbio, kipimo huwekwa kando ya njia, mita 50 kabla ya mstari wa kumalizia, kwenye kimo cha mita 1.22. Katika mita 100 husoma kwa sekunde 10 tangu bastola ilie. Katika viunzi vya mita 100 na 110 ni sekunde 13. Katika mita 200 ni sekunde 10 tangu anayeongoza aingie sehemu iliyonyooka. Alama ya kujumlisha maana yake upepo ulisukuma mgongoni, alama ya kutoa maana yake ulipiga kifuani. Ukizidi mita 2.0 kwa sekunde kutoka nyuma, mshindi anabaki mshindi, lakini muda wake hauhesabiwi kuwa rekodi wala kiwango cha kufuzu. Kuna balaa jingine la kimyakimya: kipimo kinaharibika au msimamizi anasahau kukiwasha, na mahali pa namba panaandikwa kwamba hakuna taarifa ya upepo. Mkimbiaji akikata utepe kwa sekunde 9.98 siku kama hiyo, anakuwa amefurahisha jukwaa tu.

Fainali ya mita 100 wanaume Nyayo ilikuwa na upepo wa +1.5, ndani ya kikomo. Ferdinand Omanyala alishinda kwa sekunde 9.79, na kiwango cha Paris kilikuwa 10.00. Hapo hakukuwa na la kubishania.

Sehemu ya mia, na sehemu ya elfu iliyojificha

Muda wa kuaminika hutoka kwa kamera iliyowekwa sawasawa na mstari wa kumalizia na kuunganishwa na bastola ya mwanzilishi. Anayesoma picha haangalii kichwa, mkono wala mguu, bali kiwiliwili kinapogusa ukingo wa mstari. Picha husomwa hadi sehemu ya elfu ya sekunde, kisha hupandishwa hadi sehemu ya mia inayofuata. Haikadiriwi kwenda kule ilikokaribia zaidi, hupanda tu. Ndiyo maana fainali ya mita 100 ya Paris iliwapa Noah Lyles na Kishane Thompson muda uleule wa 9.79, ingawa picha ilisema 9.784 kwa Lyles na 9.789 kwa Thompson. Ukiona watu wawili wana muda mmoja na nafasi tofauti, usimlaumu karani. Wametenganishwa na sehemu za elfu.

Barabarani sheria ni ileile, ila muda hupandishwa hadi sekunde nzima. Septemba 2025, kwenye Mashindano ya Dunia jijini Tokyo, Alphonce Simbu wa Tanzania na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikwa wote saa 2:09:48 katika marathoni. Simbu alichukua dhahabu kwa tofauti ya sehemu tatu za mia ya sekunde, ambazo kwenye safu ya muda hazionekani kabisa.

Kamera ikikosekana, kama inavyotokea katika mashindano mengi ya kaunti na mikoa, hutumika saa za kubonyeza. Waamuzi watatu hupima mshindi. Wawili wakikubaliana, muda wao ndio rasmi. Wote watatu wakitofautiana, huchukuliwa wa katikati. Kisha muda hupandishwa hadi sehemu ya kumi: 10.11 inakuwa 10.2. Muda wa saa ya mkononi huwa na desimali moja, na hiyo ndiyo alama ya kwanza ya kuutambua. Jicho huona moshi wa bastola na kidole kinachelewa kubonyeza, kwa hiyo mbio fupi hupata nafuu ya uongo. Desturi ya zamani ilikuwa kuongeza sekunde 0.24 kwenye mita 100 na 200 ili kulinganisha na kamera. Ndiyo sababu kijana wa shule anayesemekana kukimbia 10.2 mkoani anaweza kufika Nairobi akapata 10.44 ya kamera bila kuwa mgonjwa.

Mlima unampa mmoja, unamnyang'anya mwingine

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kwenye orodha za dunia, muda uliopatikana mahali palipozidi mita 1,000 unaweza kuwekewa herufi A. Herufi hiyo haiufuti muda wala kuupunguzia thamani kisheria; inakupa tahadhari tu.

Hewa ya juu ni nyepesi. Anayekimbia kasi kubwa kwa muda mfupi hukutana na ukinzani mdogo, na hana haja kubwa ya oksijeni kwa sekunde kumi. Makadirio ya wanafizikia huweka faida ya mwinuko wa Nairobi kwenye mita 100 karibu sekunde 0.06 hadi 0.08. Ongeza upepo wa +1.5, nao huokoa kiasi kama hicho. Kwa hiyo 9.79 ya Nyayo ni halali na ilistahili shangwe zote, lakini anayeiweka sambamba na 9.79 ya Paris, iliyokimbiwa karibu na usawa wa bahari kwa upepo wa +1.0, halinganishi vitu viwili vilivyo sawa. Omanyala hakufika fainali kule.

Kwenye mbio ndefu mambo hugeuka. Kila pumzi Nairobi huleta oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 18 ikilinganishwa na pwani, na kuanzia mbio za mita 1500 kwenda juu hasara hiyo huishinda faida ya wepesi wa hewa. Tazama mita 5000 wanawake. Kiwango cha Paris kilikuwa dakika 14:52.00. Faith Kipyegon alishinda Nyayo kwa 14:46.28, Beatrice Chebet akawa wa pili kwa 14:52.55, Margaret Chelimo wa tatu kwa 14:59.39. Ukiisoma karatasi peke yake utadhani Chebet hakufuzu, amekosa kwa nusu sekunde. Huyu ni mwanamke aliyekimbia 14:05.92 Eugene, Marekani, Septemba 2023, na muda huo ulikuwa ndani ya dirisha la kufuzu. Miezi miwili baada ya Nyayo alitwaa dhahabu ya mbio hizohizo Paris.

Mita 800 ziko katikati. Kasi ni kubwa kiasi cha kufaidi hewa nyepesi, muda ni mrefu kiasi cha kuumizwa na uhaba wa oksijeni, na mambo hayo mawili karibu hukatana. Hilo linasaidia kuelewa, bila kupunguza ukubwa wake, jinsi Emmanuel Wanyonyi alivyopata 1:41.70 pale Nyayo, Wyclife Kinyamal 1:42.50 na Koitatoi Kidali 1:42.66. Wote watatu walikipita kiwango cha Paris, 1:44.70, kwa zaidi ya sekunde mbili. Wanyonyi alirudi na dhahabu ya Paris kwa 1:41.19. Wanaume wa mita 10,000 hawana bahati hiyo: kiwango kilikuwa 27:00.00, na kukipata Nairobi ni ndoto.

Suluhisho la shirikisho la riadha la Kenya, AK, lilikuwa kuhamisha mchujo wa mita 10,000 hadi Eugene, kwenye mashindano ya Prefontaine Classic, tarehe 25 Mei 2024, kama ilivyofanya pia mwaka 2012. Daniel Mateiko alishinda kwa 26:50.81, Nicholas Kipkorir Kimeli akafuata kwa 26:50.94, Benard Kibet kwa 26:51.09. Watatu ndani ya sehemu 28 za mia ya sekunde, na wote chini ya kiwango. Mbio moja ilimaliza kazi ya mchujo na ya muda kwa pamoja. Lakini mchujo ndani ya mashindano ya kimataifa una mtego wake wa kusoma. Kwa wanawake Chebet alivunja rekodi ya dunia kwa 28:54.14, wa pili akawa Gudaf Tsegay wa Ethiopia, wa tatu Lilian Kasait Rengeruk, wa nne Chelimo. Kwa hesabu ya Kenya, Rengeruk ni wa pili na Chelimo ni wa tatu. Ondoa wageni kwanza, ndipo uhesabu nafasi.

Herufi ndogo zinazobeba mambo makubwa

Kwenye raundi za mwanzo, Q kubwa ni aliyesonga mbele kwa nafasi, q ndogo ni aliyesonga kwa muda baada ya kulinganishwa na walioshindwa katika mikondo mingine. Ndiyo maana wa nne katika mkondo wa kasi anaweza kuingia fainali huku wa tatu wa mkondo wa kusuasua akiachwa. DNS ni ambaye hakuanza, DNF ni ambaye hakumaliza, DQ ni aliyeondolewa, na pembeni ya DQ huwekwa namba ya kanuni. TR16.8 ni kuanza kabla ya mlio. Ukiangalia safu ya muda wa kuitikia bastola utakuta namba iliyo chini ya 0.100. TR17 inahusu kuzuia wengine au kutoka kwenye njia yako.

Kuna L ambayo wengi hawaijui. Siku hizi mkimbiaji akikanyaga mstari wa ndani wa njia yake mara moja tu kwenye kona haondolewi; anaandikiwa L. Alama hiyo inamfuata katika raundi zinazofuata za mbio hizohizo, na akirudia, anaondolewa. Mtu anaweza kuondolewa fainali kwa kosa ambalo ukilitazama kwenye video utaliona dogo mno, kwa sababu hukuiona L ya nusu fainali.

Kwenye mkuki, kuruka mbali na kuruka mara tatu, x ni jaribio lililoharibika na kistari ni jaribio lililorukwa kwa makusudi. Huko matokeo ya namba bora yakilingana, anayetangulia ni mwenye jaribio la pili lililo bora zaidi. Mambo ya uwanjani huko yana ubishi mdogo, tuyaache hapo.

Kiwango, dirisha na milango miwili

Sasa tunatoka kwenye karatasi. Ili mwanariadha aingie Olimpiki, nchi kumtaka hakutoshi. Shirikisho la Riadha Duniani lazima limkubali. Kwa Paris kulikuwa na milango miwili. Wa kwanza ni muda au umbali wa kufuzu uliopatikana ndani ya dirisha, ambalo kwa mbio nyingi lilianza 1 Julai 2023 na kufungwa 30 Juni 2024. Wa pili ni orodha ya ubora wa dunia, inayojaza nafasi zinazobaki. Kila mbio zina idadi yake ya washiriki: mita 100 watu 56, mita 800 watu 48, mita 1500 watu 45, kuruka viunzi na maji 36, mita 10,000 watu 27 tu. Nchi haiwezi kuzidisha watu watatu katika mbio moja.

Hesabu ya tarehe ndiyo inayowakwamisha wengi. Mchujo wa Nyayo uliisha 15 Juni, dirisha likafungwa 30 Juni. Aliyeshinda bila muda alikuwa na siku kumi na tano za kupata viza, nafasi katika mbio zenye sungura, yaani mkimbiaji wa kuongoza kasi, anayemfaa, na hali ya hewa isiyomharibia. Kwa mtimkaji asiye na meneja wa kimataifa, hilo huwa gumu kuliko kushinda Nyayo kwenyewe. Kwa hiyo wanaojua mchezo hutafuta muda mapema, Doha, Rabat au Oslo, kisha huja Nairobi kupigania nafasi peke yake. Fainali ya mchujo yenye muda wa polepole si lazima iwe dhaifu: wote wana muda mfukoni tayari na wanachotaka ni nafasi mbili za mwanzo, basi wanavutana hadi mita 300 za mwisho.

Mlango wa orodha ya ubora hupuuzwa mno. Alama zake hujumlisha ubora wa muda na nafasi uliyomaliza, na ukubwa wa shindano huamua nafasi inazaa alama ngapi. Ubingwa wa taifa umewekwa daraja la juu kuliko mashindano ya kawaida ya wikendi. Anayekacha ubingwa wa taifa ili apumzike anaweza kuja kukosa Olimpiki kwa alama chache ambazo angezipata kwa kumaliza wa nne nyumbani. Na shindano lisilosajiliwa kwenye kalenda ya dunia halizai kitu, hata ukikimbia kama upepo.

Mashindano ya Dunia yana nyongeza ambayo Olimpiki haina. Bingwa mtetezi na mshindi wa Diamond League, mfululizo wa mashindano ya kimataifa ya kila msimu, hupewa kadi ya moja kwa moja, na nchi inaweza kuwa na watu wanne badala ya watatu. Kipyegon, bingwa wa mita 1500 wa Budapest 2023, aliwaachia wenzake nafasi tatu kamili walipojiandaa kwa Tokyo 2025. Kwa hiyo wa nne kwenye mchujo wa Mashindano ya Dunia anaweza kusafiri, ilhali wa tatu kwenye mchujo wa Olimpiki anaweza kuachwa.

Wateuzi, na kwa nini Kenya si Marekani

Marekani hukata shauri uwanjani: watatu wa kwanza wenye sifa za kufuzu wanakwenda, basi. Athing Mu, bingwa wa Olimpiki wa mita 800 wa Tokyo, alianguka katika fainali ya mchujo wa Eugene Juni 2024 na hakutetea taji lake Paris. Hakuna kamati iliyokaa kumhurumia.

Kenya kwa kawaida huwachukua wawili wa kwanza wenye kiwango, na nafasi ya tatu hubaki mikononi mwa wateuzi. Wateuzi huangalia afya, matokeo ya msimu, na uzoefu wa mashindano makubwa. David Rudisha alimaliza wa tatu katika mchujo wa mita 800 Eldoret mwaka 2016, nyuma ya Alfred Kipketer na Ferguson Rotich. Akaenda Rio, akashinda dhahabu kwa 1:42.15. Wanaotetea mfumo huu humtaja yeye kila mwaka, nao wana haki. Lakini mfumo una gharama yake: mtu anayemaliza wa tatu kwa jasho na kuona nafasi yake akipewa wa tano anastahili kuelezwa kwa maandishi vigezo vilivyotumika, na vigezo hivyo vinapaswa kutangazwa kabla bastola haijalia. Kimya ndicho kinachozaa uvumi wa ukabila na wa mameneja, hata pale uamuzi wenyewe unapokuwa sahihi.

Kichujio kisichoonekana

Hata aliyeshinda, akafikia kiwango na kuteuliwa, anaweza kukwama. Kenya imo katika kundi A la nchi zenye hatari kubwa ya matumizi ya dawa haramu, kwa mujibu wa Kitengo cha Uadilifu wa Riadha, AIU. Mwanariadha wa kundi hilo lazima awe amepimwa mara tatu nje ya mashindano, bila taarifa ya awali, damu na mkojo, ndani ya miezi kumi kabla ya mashindano makubwa. Vipimo hivyo haviwezi kurundikwa kwa pamoja. Kati ya kimoja na kingine lazima zipite wiki tatu au zaidi.

Piga hesabu. Vipimo vitatu vyenye pengo hilo vinahitaji angalau wiki sita. Chipukizi asiyejulikana anayeibuka mshindi katikati ya Juni, kabla hajapimwa hata mara moja, amekwisha kuchelewa. Julai 2021, kabla ya riadha kuanza kwenye Olimpiki za Tokyo, Nigeria ilipoteza wanariadha 10 kwa kukosa idadi ya vipimo, na Kenya ikapoteza 2. Hawakukutwa na dawa yoyote. Hawakuwa wamepimwa vya kutosha.

Ndiyo sababu mashirikisho ya kundi A hulazimika kubashiri mapema nani ataibuka na kumwingiza kwenye orodha ya kupimwa mwezi wa tisa au wa kumi wa mwaka uliotangulia. Mwanariadha naye ana wajibu wake: anwani anayolala na saa anayopatikana lazima ziwe sahihi kwenye mfumo, kwa sababu mpimaji akibisha hodi Iten alfajiri na kuambiwa kahamia Kaptagat, kipimo kinapotea, na kukosekana kwenyewe huandikwa kosa.

Orodha ya mwisho hupelekwa na kamati ya Olimpiki ya nchi, si na shirikisho la riadha. Kwa Paris tarehe ya mwisho ilikuwa 8 Julai, siku nane baada ya dirisha kufungwa. Katika siku hizo majina hubadilika: mmoja anajiondoa kwa jeraha, mwingine anapanda kwenye orodha ya ubora kwa sababu nchi nyingine imeacha nafasi, wa tatu anagunduliwa ana vipimo viwili badala ya vitatu. Ukitaka kujua kikosi cha kweli, weka karatasi ya Nyayo pembeni, tafuta orodha ya washiriki ya tarehe hiyo ya mwisho, kisha ulinganishe jina kwa jina.